Mengineyo

Kufungua kikao.
Tulifungua kwa kusogeza cherehani mbili,
maana ofisi yetu ni duka la Bi. Mbuke, Mabatini,
na saa kumi na moja jioni bado anapinda sare za shule.
Waliohudhuria: sita. Udhuru: Lushinge,
amekwenda Igogo kuazima godoro.

Yatokanayo.
Mkataba umepatikana.
Ulikuwa kabatini, halmashauri, chini ya risiti za mnada,
una mihuri miwili, sahihi mbili, na njia ya mchwa
iliyopita katikati ya neno *milele*.

Mgeni atafika Ijumaa. Mmoja.
Walitarajiwa tisa, lakini nauli imepanda,
wengine magoti, na mmoja
mbwa wake anaumwa. (Kicheko.)

Mimi ndiye katibu. Naitwa Shija.
Kwetu Usukumani jina hili halichaguliwi:
Kulwa hutangulia, Dotto humfuata,
na anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija,
mrithi wa nguo zilizochakaa mara mbili.
Ndiyo sababu wanaposema "miji pacha"
mimi huuliza upi ndio Kulwa,
na Mwalimu Bugumba hunijibu: wewe andika.

Wengine husema "mji dada".
Neno hilo nimelitafuna wiki nzima.
Katika nyumba nyingi za hapa Mwanza
dada ndiye anayeamka wa kwanza,
anayekula amesimama,
na jina la baba yake hakuna anayelijua.
Nikaogopa kidogo. Kati yetu na wao
nani dada, nani mwenye nyumba?

Akashuka Bi. Solvei wa Tormvik,
dereva wa basi mstaafu,
begi moja la nguo zake, moja la vitu vya watu:
barua za darasa la tano, mbegu za figili,
glavu za sufu jozi saba.
Glavu! Na jua la saa saba
linachoma mawe ya Bugando kama viazi!
Tulishukuru, kila mjumbe jozi yake.
Misoji alivaa palepale
akaepulia sufuria ya ugali.

Alilala kwangu.
Saa nane usiku maji ya bomba yakatoka, kama kawaida yake,
nikasikia ndoo zikigongana, nikashika fimbo.
Kumbe mgeni. Amekwisha kujaza madumu yote,
hata lile la mafuta ya taa.
(Lile tulilimwaga. Hakuambiwa.)

Jumapili tulikuwa tunaosha vyombo,
yeye anasugua, mimi nasuuza,
nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza:
huko kwenu, mnaohangaika na sisi ni wangapi?
Akahesabu kwa vidole vyenye povu. Saba.
Mnakutana wapi? Nyuma ya duka la viatu.
Na pesa? Akageuza mfuko wa aproni, ukaning'inia nje kama ulimi.
Na mji wenu, unatujua?
Akaisugua sufuria ile ile, muda mrefu.
"Mji," akasema, "una shughuli zake."

Sikuliandika hilo kwenye daftari.
Lakini tangu siku ile nikipita Kirumba,
nikiona mji wangu unapakua dagaa, unagombana, unahesabu chenji,
najua haujawahi kumsikia pacha wake.
Ni watu kumi na wanne tu,
akina Shija wa huku na akina Shija wa kule,
tunaotembeza nguo za mmoja
hadi mlangoni kwa mwingine.

Mengineyo.
Deni la soda, elfu kumi na nane, halijalipwa.
Mbegu za figili zimeota nyuma ya duka;
nusu zimeliwa na kuku wa jirani, ambaye ameonywa.
Godoro lirudishwe Igogo kabla ya Jumatano.
Bi. Mbuke aliuliza kama sufu hufumuka,
kwa kuwa mjukuu wake anataka kofia.
Kikao kilifungwa saa moja na robo,
umeme ulipokatika.
Yaliyosemwa gizani hayamo humu.